Mwamba Uliofagiliwa

Hesabu ya Kwemvumo ilikuwa nzuri mno, na mimi jambo likiwa zuri mno nalala jicho moja wazi. Kwa miaka mitatu milima ya Usambara haikupata vuli ya maana. Katika misitu arobaini na mmoja tunayoilinda, maua yalikuwa yakipungua, kwingine polepole, kwingine kwa kasi ya kutisha, na kila Jumatatu kijana wetu wa ofisini, Lugano, alinisomea idadi ya yaliyokufa kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya vifo redioni. Kisha anafika Kwemvumo, anasita.

"Haya yameongezeka tena, mama. Mia mbili thelathini na moja."

"Mwaka jana?"

"Mia moja tisini."

"Na mvua?"

"Mvua haikunyesha, mama."

Basi nikafunga mkoba. Mhakiki anatakiwa kwenda kwa miguu yake mara moja kwa mwaka, aone kwa macho yake, ndipo atie sahihi. Wenzangu wengine hutia sahihi wakiwa wamekaa. Mimi sijawahi, na ndiyo maana sialikwi sana kwenye harusi zao.

Moyo wa Sheria ya Makao hauna maneno mengi. Ua la porini likiwa hai mahali pake pa asili, msitu wake haugusiki. Likifa lote, au ikibainika kwamba limepandwa kwa mkono wa mtu, msitu unafunguliwa. Chini ya bonde la Kwemvumo mashine za kuchimba handaki zilikuwa zimepangwa tangu mwaka juzi, zimefunikwa maturubai, zikingoja kutoboa mlima na kuipeleka chemchemi yake kwenye miji ya pwani. Nilizipita asubuhi ile. Walinzi wake walinipungia mkono kwa furaha, na hilo nalo sikulipenda.

*

Ayubu Shemweta, bwana msitu wa kijiji, alinipokea kwenye kona ya mwisho ya njia, kabla sijahitaji kupumzika. Alikuwa na shati lililopigwa pasi.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba. Mbona umependeza hivyo?"

"Nimependeza wapi? Shati hili ni la mwaka jana."

"Mwaka jana hukulipiga pasi."

Akacheka, lakini kicheko kikaisha haraka. Mimi ni Mpare, yeye ni Msambaa, tuna ruhusa ya kutaniana hata msibani, na kwa miaka saba hatujawahi kukosa la kusemana. Siku hiyo alinibebea mkoba akawa anatembea mbele yangu, kimya.

"Zaina amekupikia wali na kuku," alisema baada ya muda. "Makande tumekuachia ukale kwenu."

"Wali na kuku saa nne asubuhi? Mwaka jana mlinipa chai ya rangi na kiazi."

"Mwaka jana ulilalamika, mtani."

"Mimi hulalamika kila mwaka. Kwa nini mwaka huu mmenisikiliza?"

Nikamwambia kazi kwanza, wali hauna miguu, twende kwenye mwamba. Akasema njia ina utelezi. Nikatazama njia. Ilikuwa kavu, na kingo zake zimefyekwa vizuri kuliko barabara ya kwenda nyumbani kwa mkuu wa wilaya.

Dughulushi, ndilo ua tunalolilinda, haliishi popote tu. Linataka kivuli cha miti mikubwa, jiwe lililolipa jua mgongo, na maji yanayopita karibu bila kulilowesha. Ukiliondolea kimojawapo kati ya hivyo, linasusa. Majani yake ni manene, yana vinyweleo kama sikio la ndama, na ua lenyewe ni la zambarau lenye jicho la njano. Zamani wageni walichukua mbegu zake, wakazilea vyunguni, mpaka dunia nzima ikawa na mjukuu wa dughulushi dirishani. Bibi mwenyewe alibaki huku, amelishika jiwe lake.

Juu ya mwamba, ndani ya kuvumwani, yaani lile zulia la kijani linaloota kwenye mawe ya kivulini, zilipita nyuzi zangu. Nasema zangu kwa sababu ni mimi niliyezizalisha, kutokana na ukungu wa magogo, nilipokuwa na miaka thelathini na mitano. Ni uzi hai, mweupe, mwembamba, unaojitafutia njia mpaka kwenye mzizi wa kila ua. Ua linapoamka na kuanza kuvuta hewa, hutoa pigo dogo la umeme. Uzi hulibeba pigo hilo mpaka kwenye fundo lililofungwa kwenye jiwe, na fundo hulirusha ofisini. Pigo kubwa, ua lina afya. Pigo dogo, linaumwa. Kimya, limekufa. Kabla ya nyuzi, walinzi walihesabu maua wakiwa wamekaa kilabuni. Kwa ajili ya nyuzi hizo nilipewa nishani, na sheria ikaandikwa juu ya mgongo wake: pasipo na uzi hapana hesabu, na pasipo na hesabu hapana ulinzi.

Nikachomeka kisomaji kwenye fundo. Mia mbili thelathini na moja. Yote yanapiga kwa nguvu, hakuna hata moja lenye mafua.

"Umeona?" alisema Ayubu. "Mungu ametusaidia."

Nilikuwa natazama chini. Chini ya mwamba hapakuwa na jani. Msitu wa mamia ya miaka, miti inapukutisha usiku na mchana, na pale palikuwa peupe kama uwanja wa nyumba yenye mgeni. Nikainama. Ardhini kulikuwa na michirizi ya nusu duara, moja ikipanda juu ya nyingine, ile michirizi ambayo nimeichora mwenyewe kila asubuhi ya utoto wangu kabla ya kwenda shule.

"Nani anafagia hapa, Ayubu?"

"Ni upepo, mtani."

"Upepo wa huku una fagio?"

Akajifuta paji la uso. Baridi ya msitu ule inataka sweta, na yeye alikuwa anatoka jasho.

Nikapanda jiwe nikayatazama maua kwa karibu, si kwa mashine. Kutoka moja hadi jingine ilikuwa shubiri moja. Moja, shubiri, moja, shubiri, mpaka mwisho wa jiwe, kama mchicha kwenye tuta. Porini kitu hakipangi foleni. Na katikati ya kila kishada cha majani machanga kulikuwa na kikonyo kimoja kizee, cha kahawia, kimesimama peke yake. Kikonyo hicho nakijua. Ukichuma jani la dughulushi pamoja na kikonyo chake ukalichomeka penye unyevu, baada ya miezi kadhaa litazaa vitoto miguuni, kisha lenyewe litazeeka na kuoza. Jani linaweza kuanguka lenyewe likaota, mara moja, mara mbili. Haliwezi kuanguka mara mia mbili kwa kipimo. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Mawazo yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye wizi. Kuna watu ng'ambo wanaolitaka dughulushi la porini, bibi mwenyewe, si mjukuu, na wangepita juu ya maiti kulipata. Nikasema huyu bwana ameyauza yale ya asili, ameziba pengo kwa vipandikizi, halafu ananipikia kuku. Miaka saba nimekula kwake. Niliumia, sitasema uongo, niliumia kuliko nilivyokasirika.

Nikashuka, nikafuta mikono kwenye sketi.

"Haya," nikasema. "Sasa tukale wali."

*

Nyumbani kwao niliomba maji ya kunawa, kisha badala ya kwenda barazani nikazunguka nyuma ya nyumba. Mwizi wa mmea lazima awe na kitalu, na kitalu lazima kiwe na kivuli. Nyuma ya migomba kulikuwa na kibanda cha majani makavu ya mgomba, kifupi, mtu anaingia ameinama. Ndani kulikuwa na mabeseni manane, manne upande huu, manne upande ule, na kila beseni lilikuwa na jiwe, kuvumwani na dughulushi.

"Choo kiko upande ule, dada."

Zaina, mke wa Ayubu, alisimama nyuma yangu na upawa mkononi. Ni mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kusikika mlima wa pili, aliyefanya kazi kwenye vitalu vya miche tangu usichana wake.

"Sitafuti choo," nikasema. "Ninayatafuta yale mia moja na zaidi mliyoyauza."

"Tuliyoyauza?"

"Maua ya asili ya ule mwamba. Mmempa nani?"

Nilitegemea alie, au akane, au amwite mumewe. Yeye aliinama akaingia kibandani, akaketi juu ya kigoda, akaniangalia kwa muda.

"Kwa hiyo umeona."

"Nimeona fagio lako."

"Hilo fagio Ayubu alinikataza," alisema, na kwa mara ya kwanza akaonekana mwenye haya. "Aliniambia, Zaina, porini hapafagiliwi. Nikamwambia mgeni wa serikali anakuja, tumwache akanyage taka? Watasema hapa hakuna wanawake." Akatikisa kichwa. "Hatukuuza hata moja, dada. Yalikufa. Kaa chini nikuonyeshe."

Sikukaa. Akanionyesha hivyo hivyo nimesimama. Mabeseni manne ya kulia yalikuwa na kipande cha uzi wangu, alikikata mwenyewe kwenye mwamba, na uzi ulikuwa umeshajitafutia njia mpaka kwenye mizizi. Ya kushoto hayakuwa na uzi. Yote aliyapa kikombe kimoja cha maji kila baada ya siku nne, maji yale yale, siku ile ile. Ilikuwa mara ya tatu anarudia.

"Chomeka mashine yako," alisema.

Nikachomeka kisomaji kwenye uzi wa beseni la kwanza la kulia. Pigo kubwa, zuri, la afya njema. Zaina akanishika mkono, akaviweka vidole vyangu juu ya jani. Lilikuwa limelegea kabisa, kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Likalala chini ya kidole changu na halikurudi. Nikajaribu beseni la pili, la tatu, la nne. Mashine inashangilia, jani linakufa. Upande wa kushoto majani yalikuwa magumu na ya baridi.

"Uzi wako unakunywa," alisema Zaina. "Mwaka wa mvua kuna maji ya wote, hatugombani. Mwaka wa kiangazi uzi unakunywa kwanza, ua linafuata. Na ua likiwa na kiu ndipo linapiga kwa nguvu, maana linahangaika. Nyie ofisini mnasikia kelele za mtu anayezama, mnasema anaimba."

Nilibisha. Nilisema udongo, nikasema ukungu wa mizizi, nikamuuliza kama maji ya upande wa kulia ameyatia chumvi. Nilimuuliza hivyo usoni, kwake, akiwa amenipikia.

"Nyani haoni kundule," alisema Zaina.

"Zaina, huyo ni mgeni," Ayubu alimkanya. Alikuwa amefika mlangoni mwa kibanda, ameinama, mikono kwenye magoti.

"Mgeni gani? Si ndiye mwenye nyuzi? Miaka sita iliyopita, wakati wa kiangazi, tulimwandikia barua kwamba yaliyo karibu na uzi yananyauka. Mwambie alijibu nini."

Sikungoja Ayubu aseme, nilikuwa nimeshakumbuka. Nilijibu mistari miwili: mapigo yanaonyesha afya njema, na wanakijiji wakumbushwe kuwa ni kosa kuzigusa nyuzi. Nilidhani wanatafuta sababu ya kuziondoa ili wayaibe maua. Nilijisifu ofisini kwamba nimewashtukia.

Na nilikuwa nimekumbuka kingine, ambacho hakuna mtu mwingine hai aliyekijua. Mwaka ule wa kwanza wa nyuzi, maabarani, maji ya bomba yalikatika wiki nzima. Nilikuwa na sinia lenye maua ya dughulushi kumi na moja ya majaribio, yameunganishwa vizuri, yanapiga kwa nguvu mpaka asubuhi ya mwisho. Yalikufa yote kumi na moja. Masinia ya jirani, yasiyo na uzi, yalinyauka kidogo na maji yalipokuja yakaamka. Jopo la wakaguzi lilikuwa linakuja Alhamisi. Nikaandika kwenye daftari: ukungu wa mizizi. Sikurudia jaribio.

Hapo ndipo nilipokaa chini, pale pale kwenye udongo.

*

Kuku alipoa. Tulikaa barazani watu watatu, hakuna aliyegusa sahani.

"Mngeniambia," nikasema.

"Tukuambie nini, mtani?" Ayubu aliuliza bila hasira. "Tukisema yamekufa, mashine ziko pale chini. Tukisema tumepanda, ni yale yale. Tukiziondoa nyuzi, hesabu inakuwa sifuri, ni yale yale tena. Tukabaki na kupanda. Kila yakifa kumi tunapanda kumi na tano, tukipata nafasi tunayanyeshea kwa kijiko. Hiyo ndiyo siri ya mia mbili thelathini na moja."

"Wangapi wanajua?"

Akanyoosha mkono kwenye dirisha, akachukua jani moja la dughulushi lenye kikonyo, limefungwa kwenye kitambaa kibichi. Akaliweka mbele yangu.

"Hapa anayejua anapanda. Ndiyo desturi tuliyoiweka. Imamu amepanda, mwalimu mkuu amepanda, hata askari mgambo. Ukishachomeka jani lako huwezi tena kumshtaki mwenzako, maana mkono wako nao umo. Wewe sasa unajua."

"Mnanitega."

"Tunakushuku," alisema Zaina. "Wewe umetushuku tangu ulipofika, tumenuna? Panda, tulale usingizi."

Nililishika jani lile. Lilikuwa zima, la baridi, na najua mkono wangu ungelipanda vizuri kuliko wa yeyote pale kijijini. Nikipanda, nikitia sahihi, Kwemvumo inabaki na msitu wake na chemchemi yake mwaka mwingine. Lakini nyuzi zitaendelea kunywa, hapa na kwenye ile misitu mingine arobaini. Huko hakuna Zaina. Huko yanakufa kimya kimya na mashine inasema yana afya, mpaka Jumatatu ambayo Lugano atasoma jina la mwisho. Nikikataa kupanda, nikaandika nilichokiona, handaki linaanza kabla ya Ramadhani. Nilikuwa sijawahi kutia sahihi kwenye uongo tangu niajiriwe, ila ule mmoja wa sinia, na huo ndio uliozaa yote.

"Nipeni muda," nikasema.

Nikafungua Sheria ya Makao kwenye simu, nikaanza kuisoma tangu mwanzo, kwa sauti. Zaina akapiga mwayo. Mimi niliyapenda maandishi ya sheria tangu utotoni. Baba yangu alikuwa mtu wa mahakamani, si kwa kazi, kwa mapenzi tu. Nilipofika kifungu cha kumi na tisa nikarudia mara mbili.

"Makao yaliyodhuriwa na mtumishi wa Idara, kwa kujua, yatafungwa kwa kazi yoyote ile mpaka shauri litakapokwisha. Mimea iliyopandwa kuziba pengo la madhara hayo itahesabiwa kuwa ya asili."

Kilitungwa kuwatisha walinzi wezi. Hakijawahi kutumika.

Ayubu hakuelewa mara moja. Zaina ndiye aliyeacha kupiga mwayo.

"Rudia hapo kwenye mimea iliyopandwa," alisema.

"Mlichopanda ni halali," nikasema, "iwapo kuna mkosaji mwenye jina. Na mkosaji wa hapa ndiye mkosaji wa misitu yote arobaini na mmoja, kwa sababu uzi ni ule ule. Yote inafungwa mpaka kesi iishe."

"Na akiwa alikosea tu?" aliuliza Ayubu. "Bila kukusudia?"

"Basi ni bahati mbaya. Wanakupa pole, nyuzi zinaondolewa, hesabu inakuwa sifuri, msitu unafunguliwa. Kifungu kinataka kujua."

"Adhabu yake?"

"Miaka kumi na miwili."

Nina miaka sitini na mmoja. Nadhani wote watatu tulipiga hesabu kwa pamoja. Ayubu ndiye aliyeanza kusema, na alijitahidi iwe utani.

"Kesi ya Mpare nayo huisha lini?"

"Sisi tunauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku," nikasema. "Nina rufaa za kutosha kwa wajukuu zako."

Alitaka kucheka, ikashindikana, akageuza uso. Zaina hakugeuza. Aliinama mbele, viwiko kwenye magoti, akanitazama kama nilivyokuwa nikiwatazama wao tangu asubuhi.

"Na ulijua, dada?"

Nilimrudishia jani lake kwenye kitambaa.

"Yale mabeseni manane usiyamwage," nikasema. "Na nyuzi za jiwe dogo la juu tutaziacha. Ni vielelezo."

*

Jua lilikuwa bado juu tuliporudi kwenye mwamba, ingawa pale chini ya miti huwezi kulijua. Nilipiga magoti, nikafungua fundo, nikaanza kuvuta. Uzi ulitoka kwenye kuvumwani taratibu, mrefu, umelowa, na ulipokuwa unatoka maji yalinidondokea mkononi, zaidi kuliko nilivyotegemea. Nikaukamua kwa vidole. Nilijaza kiganja. Kiangazi cha miaka mitatu, na uzi mmoja wangu ulikuwa na maji ya kujaza kiganja.

Kwenye kisomaji mapigo yalikuwa yanazimika, moja baada ya jingine. Nilipofika la arobaini simu ikaita.

"Mama, uko salama?" Lugano alikuwa anahema. "Kwemvumo inazimika. Maua yanakufa sasa hivi, naona hapa."

"Hayafi. Ninang'oa nyuzi."

"Unang'oa... Imekuwaje, umejikwaa? Mama, hiyo ni mali ya Idara."

"Sikiliza. Fungua shauri, kifungu cha kumi na tisa. Mkosaji ni Nanzia Mgonja, mhakiki, miaka ishirini na sita kazini. Nyuzi zinakunywa maji ya maua, ndizo zinazoyaua. Nina vielelezo na mashahidi."

Nilisikia kiti chake kikisogea, kisha mlango ukifungwa. Aliporudi sauti yake ilikuwa chini.

"Mama, nimekisoma hicho kifungu. Kina neno 'kwa kujua'. Nikishaandika kwenye Daftari Kuu siwezi kufuta, wewe ndiye uliyenifundisha. Niachie mimi. Sema hukujua. Hakuna mtu angeweza kujua. Naandika hitilafu ya mtambo, unashuka, kesho tunakunywa chai hapa ofisini, tunatafuta njia."

Kijana mzuri, Lugano. Alikuwa ananifungulia mlango na kunishikia nisijigonge kichwa. Na huenda alikuwa sahihi. Sikuona nyuzi zikinywa, sikupima, sikuuliza. Mwanasheria mwenye akili angesema mama huyu alidhani ni ukungu, na karatasi yangu mwenyewe ingemuunga mkono. Nilijiuliza pale nilipopiga magoti, kwa ukali ule ule niliouzoea kwa wengine, kama ninayoyasema ni kweli au ninajitafutia ushujaa uzeeni.

Lakini lile sinia sikulitupa tu na kuandika ukungu. Nililiosha. Nililisugua kwa mchanga, nikaliosha kwa sabuni, nikalisuuza, nikalisugua tena. Nilifanya hivyo saa ya chakula, wenzangu wakiwa wametoka, kisha nikaliweka chini kabisa, masinia mengine juu yake. Mwanamke asiyejua kitu haoshi sinia mara tatu.

"Lugano, mwanangu. Andika."

"Niandike nini, mama?"

"Andika kwamba nilijua."

Sikumharakisha. Hatimaye nikasikia vidole vyake vikigonga herufi, polepole, kama mtu anayejifunza kuandika. Nikaweka simu juu ya jiwe bila kuikata. Nilipoinama kuutafuta uzi uliofuata, Zaina alikuwa ameshapiga magoti upande wa pili wa mwamba, amekunja mikono ya gauni, anavuta.